Ghala la Kapteni Kirk nalifahamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika wiki iliyopita kwamba vichekesho vinaharibu tamthilia za anga. Yeye anataka vita na mitambo tu. Mimi ni mtunza ghala la mahindi hapa Kibaigwa, huu mwaka wa kumi na tisa, na kipindi cha Star Trek, ile tamthilia ya anga ya Marekani, ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha vidudu vya manyoya, tribble, kilichorushwa Marekani Desemba 1967. Ugomvi mkubwa humo ni wa baa.

Kisa chenyewe ni cha ghala. Kuna shehena ya nafaka inayosubiri kupelekwa kwenye sayari nyingine, na Kapteni Kirk, nahodha wa chombo cha anga, ameagizwa ailinde, kazi anayoiona ya kumshushia hadhi. (Nimemsamehe.) Mchuuzi mmoja anakuja na vidudu laini vinavyokoroma kama paka aliyekunwa shingo, na kila mtu anataka chake. Vinakula, vinazaa. Daktari anavipima, anakuta vinazaliwa tayari vina mimba. Kirk anapofungua mlango wa ghala ulio juu ya kichwa chake, badala ya nafaka vinamporomokea vidudu, vimeshiba, mpaka vinamfika kifuani. Spock, msaidizi wake, uso mkavu, anataja idadi: 1,771,561. Anasema kila kimoja huzaa kumi kila baada ya saa kumi na mbili, kwa siku tatu. Nilichukua kikokotoo cha ghalani nikazidisha 11 kwa 11 hadi zikatimia 11 sita. Jibu lilelile! Nikaanza kucheka upya.

Lakini nilicheka huku tumbo likinisokota. Nani hapa kwetu hajafungua gunia akakuta dumuzi amebakiza vumbi? Na wale vidudu waliokutwa wamekufa juu ya nafaka ndio walioonyesha kwamba imetiwa sumu. Mtunza ghala yeyote angewaambia mapema: panya akifa pembeni ya gunia, gunia hilo huliuzi.

Mzaha unaoegemea kitu cha kweli hauchakai. Mr. Bean wa mwaka 1990 kwenye chumba cha mtihani anachekesha mpaka leo kwa sababu sote tumeshachungulia karatasi ya jirani. Na mwaka 1996 wale wa Deep Space Nine, tamthilia ya baadaye ya Star Trek, walirudi kwenye ghala lilelile la Kirk. Katika kipindi kile cha zamani, baada ya lile poromoko, vidudu viliendelea kumdondokea kichwani kimoja kimoja. Kumbe juu kulikuwa na Sisko na Dax, wahusika wa tamthilia hiyo mpya, wanatafuta bomu na kuvitupa chini! Kukaa miaka karibu thelathini ndipo umalizie utani, hiyo ni kazi ya watu makini.

Nina dukuduku moja. Aliyeleta kidudu cha kwanza chomboni ni Uhura, yule dada wa mawasiliano wa chombo cha Kirk, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Kuna kipindi kingine cha mwaka huohuo wa 1967 ambapo mtambo unamfuta kumbukumbu zote, anafundishwa kusoma upya, na akikwama Kiingereza kinamtoka Kiswahili. Nilikitafuta muda mrefu. Hatimaye kijana mmoja wa kuuza filamu akaniwekea kwenye fleshi, nakala iliyotafsiriwa. Nikamwita mke wangu aje asikie. Uhura akafungua mdomo, na papo hapo mtafsiri akapaza sauti juu yake: "Hapa dada anachanganyikiwa, jamani!" Kiswahili kimefunikwa na Kiswahili. Mke wangu akauliza, "Ndiyo hicho ulichoniitia?" akarudi kwenye maharage yake.

Basi kama yupo msomaji wa Kongwa au Dodoma mjini mwenye nakala ambayo haijaguswa na mtafsiri, aniachie ujumbe kwa mhariri. Fleshi ninayo, na debe la mahindi makavu, yaliyochekechwa, nitampa.

Mtunza ghala,
Kibaigwa