Hamisi, kiatu cha Salim nimekiokota pipani

Indianapolis, Jumapili usiku

Sahibu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, baridi imeanza kubisha hodi, mama watoto anakusalimu sana, na mzigo wa Bi Mwanaidi umefika salama, ila achari imevuja kidogo juu ya kanga. Mwambie asihuzunike, kanga imefuliwa na achari imeliwa. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Kazi ya usiku ghalani inanimaliza. Nikifika nyumbani watu ndio kwanza wanaamka. Lakini leo usingizi nimeuacha makusudi. Ile sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara tatu, na kila nikitaka kuijibu kwa sauti maneno yananikwama. Acha niandike.

Ulisema kuhusu mwanao Salim, anayekaa kwetu hapa, na mpira wake wa Kimarekani, "Mwambie aache huo mchezo wa kugongana vichwa, ashike kitabu." Halafu ukacheka, ukauliza hiyo kazi yenyewe ni kazi gani, mtu kukaa benchi usiku mzima, anaitwa mara tatu nne kupiga mpira kisha anarudi kukaa. Hamisi, ulipocheka Salim alikuwa jikoni nyuma yangu. Alisikia.

Nikueleze Ijumaa ilivyokuwa, maana najua yeye hakukueleza. Mechi za shule hapa huchezwa Ijumaa usiku, taa zimewaka kama mchana, wazazi na blanketi zao. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde 11. Kocha akamwita Salim aupige mpira upite kati ya nguzo, pigo la pointi tatu. Yadi 34, kwetu ni kama mita 31. Mazoezini huzipiga huku anaongea. Nikamwona anahesabu hatua zake, tatu nyuma, mbili kando, akafuta viganja kwenye suruali. Mpira ukarushwa, ukawekwa, akapiga. Kabla sijauona ulikokwenda nilishajua kwa mlio. Wewe unajua, mpira ukikaa mguuni hutoa mlio mnene, unausikia kifuani. Huu ulilia kama kofi. Ukapita nje ya nguzo ya kulia, upana wa mlango tu.

Hakuna aliyemtukana. Walimpisha njia, kila mtu akaangalia viatu vyake. Garini hakusema neno. Jumamosi asubuhi natoka kutupa taka, nikakikuta kiatu chake pipani juu ya maganda ya ndizi. Kimoja tu, cha kulia. Cha kushoto kilikuwa bado mlangoni kimepangwa vizuri. Nimekitoa, nimekiosha kwa mswaki wa zamani, kipo hapa mezani naandika nikikitazama.

Sasa hiyo kazi ni kazi gani. Sikiliza. Kuna mtu anainama na kuurusha mpira kinyumenyume, upite katikati ya miguu yake, uende kama yadi saba. Kuna mwingine amepiga goti, anaudaka, anausimamisha kwa kidole kimoja na kuuzungusha ule mshono wenye nyuzi utazame mbele, usiguse mguu wa mpigaji. Huyo ndiye mshikaji, na kweli lazima awe mshikaji wako, maana mkono wake uko pale unapopita mguu wako. Yote hayo, mpaka mpira uondoke, ni sekunde moja na nusu hata haifiki. Na mbele yako kuna majitu kumi na moja, mengine yanaruka mikono juu. Nguzo za shule zimeachana karibu sawa na goli letu la soka, lakini za wachezaji wa kulipwa ni mita 5 na nusu tu, na mpira lazima upite juu ya mwamba ulio mita 3 kutoka ardhini. Kipa hakuna. Ukikosa huna wa kumsingizia.

Kuhusu kugongana, nakuelewa, wewe ni baba. Ila mpigaji ndiye anayelindwa na sheria kuliko karibu wote. Akivamiwa vibaya baada ya kupiga, timu iliyomvamia inarudishwa yadi 15. Sikuambii hakuna hatari kabisa. Nakuambia yeye hayuko kwenye ile tinga tinga ya katikati unayoiona kwenye video.

Kuna mtu nataka umjue, anaitwa Adam Vinatieri. Hapa mjini kwetu alichezea Colts kuanzia 2006 mpaka 2019, na kabla ya hapo alikuwa New England Patriots tangu 1996. Misimu 24, Hamisi! Hakuna binadamu aliyefunga pointi nyingi kuliko yeye katika ligi yao yote: pointi 2,673. Vikombe vya Super Bowl, fainali yao kuu, vinne, vitatu na Patriots, kimoja na Colts. Kati ya 2015 na 2016 alipiga mapigo 44 mfululizo ya pointi tatu bila kukosa hata moja.

Lakini alianzia wapi? Ametokea South Dakota, huko bara bara, chuo chake si cha majina. Alipomaliza hakuna timu iliyomchagua. Akahamia Virginia kufundishwa na Doug Blevins, na huyu ndiye ninayetaka umfikirie usiku ukilala: Blevins alizaliwa na mtindio wa ubongo, hajawahi kupiga mpira huo kwa mguu wake mwenyewe. Aliusoma upigaji kwa macho na akili mpaka akawa mwalimu wa wapigaji wa ligi kuu. Kisha Vinatieri akaenda Amsterdam, maana Wamarekani walikuwa na ligi yao ndogo Ulaya, ndipo Patriots wakamwita amgombee nafasi mkongwe Matt Bahr. Mwaka wake huohuo wa kwanza, mpira wa kuanzia ukadakwa na Herschel Walker wa Dallas, mtu mwenye mbio za kutisha. Walker akawapita wote, akabaki mpigaji peke yake nyuma. Vinatieri akamkimbiza, akamkamata, akamwangusha. Kwa hiyo lile la kukaa benchi tulizungumze vizuri.

Watu wakimtaja hutaja theluji. Januari 2002, uwanja wa Foxboro, Patriots na Oakland Raiders, theluji inaanguka mpaka mistari ya uwanja haionekani. Patriots wako nyuma kwa pointi tatu, nusu dakika haijabaki. Yadi 45. Hebu jaribu kupata picha: mguu wa kusimamia unateleza, mpira umelowa, nguzo huzioni vizuri. Akaupiga chini chini, ukakata theluji ukapita. Katika muda wa nyongeza wakaifagia theluji kwa miguu pale pa kupigia, akamaliza kwa yadi 23. Wiki mbili baadaye, New Orleans, fainali yenyewe dhidi ya St. Louis Rams, ambao kila mtu alisema watashinda, akapiga yadi 48 saa ikikata. 20 kwa 17.

Salim hizo anazijua kwa moyo. Video ya theluji ameiangalia mpaka namwonea simu huruma. Mimi jana usiku nilimwonyesha nyingine.

Houston, Februari 2004, Super Bowl na Carolina Panthers. Kipindi cha kwanza Vinatieri anapiga yadi 31, fupi kuliko ya Salim, anakosa. Anapiga tena, mikono inauzuia. Mara mbili, dunia nzima inatazama, yule wa theluji, shujaa. Sasa saa inakwenda, mechi 29 kwa 29, sekunde zimebaki chache, wanamwita yuleyule. Yadi 41. Nikasimamisha video hapohapo, nikamuuliza Salim, "Unadhani anawaza nini?" Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Anahesabu hatua, ami." Nikaiachia. Mpira katikati. 32 kwa 29.

Nikamfanyia na hesabu. Alipiga mara 715 za pointi tatu katika msimu wa kawaida, zikaingia 599. Toa. Salim akatoa kwa kalamu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: 116. Mtu aliyefunga kuliko wote tangu mchezo uanze amekosa mara 116. Akaitazama ile namba, akaipigia mstari mara mbili. Bahasha ameichukua, sijui ameiweka wapi, na bili sijalipa.

Nami mwenyewe nilimwona kwa macho yangu, nadhani nilikusimulia. Oktoba 2019, mwenzangu wa kazini alinipa tiketi yake, Colts na Denver Broncos. Vinatieri ana miaka 46, msimu unamwendea vibaya, mji mzima unasema mzee apumzishwe. Siku hiyo akakosa moja ya pointi tatu, akakosa na ile ya pointi moja ya nyongeza. Mtu wa kiti cha nyuma yangu alikuwa anamtukana mfululizo. Mimi nilimtazama mzee tu. Alikuwa kando ya uwanja anapigia wavu wake, peke yake, hakuna anayemsogelea. Anapiga, anaurudia mpira, anauweka, anapiga. Zikabaki sekunde 22, Colts nyuma 13 kwa 12, yadi 51. Ukaingia. Yule wa nyuma akanikumbatia mimi, mgeni asiyenijua, akanimwagia soda koti zima. Wiki iliyofuata, Pittsburgh, akakosa yadi 43 dakika za mwisho, wakafungwa 26 kwa 24. Nakueleza na hilo, maana Salim nilimweleza na hilo. Goti likamshinda, Desemba akaacha kucheza, zimebaki moja tu zitimie 600. Nilipomwambia hivyo Salim alishika kichwa.

Na usidhani hii ni kazi ya Wamarekani wenyewe tu. Jan Stenerud alikuja kutoka Norway kwa masomo ya kuruka na skii, watu wakaona mguu wake, na sasa yumo kwenye ukumbi wao wa mashujaa. Gary Anderson ni wa hukohuko kwetu Afrika, amekulia Durban. Mwaka 1998 akiwa Minnesota alipiga 35 kwa 35, msimu wa kawaida mzima bila kukosa. Kwenye nusu fainali akakosa moja, na timu ikatolewa. Aliendelea kucheza miaka mingine sita. Miguu hiyo yote imefundishwa na soka, Hamisi. Ya Salim imefundishwa na wewe, pale mchangani nyuma ya msikiti; ule mkao wake wa kuinamisha bega la kushoto ni wako mtupu. Nikimwona anapiga nakuona wewe mwembamba.

Ndiyo maana sauti yako iliniuma. Umesahau penalti ya Ngamiani? Mimi sijasahau, mpira uliotua kwenye paa la mama muuza mihogo. Ulikimbilia kwa bibi yako Pangani, ukakaa wiki nzima, ukaapa hutagusa mpira tena. Mzee wako, Mungu amrehemu, alipanda basi akakufuata. Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba hakutaja penalti hata mara moja. Alikuja na mpira ndani ya kikapu cha samaki, akauweka mlangoni, akaingia kunywa kahawa na bibi.

Masomo yake usiwe na wasiwasi, hesabu amepata vizuri, kiingereza kinapanda, na kanuni ya hapa ni kwamba alama zikishuka huchezi, kwa hiyo mpira wenyewe ndio unamkalisha chini asome. Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie. Usimpigie kupitia kwangu, piga simu yake. Jumanne akitoka shule, kwenu itakuwa usiku, najua unalala mapema lakini siku moja haitakuua. Uamuzi wa kuacha au kuendelea mwachie yeye, miaka 17 si mtoto.

Utampigia kweli? Au utanitumia sauti nyingine nimfikishie? Unacho kile kipicha chetu cha timu, tumevaa jezi za kukopa, wewe umeshika mpira? Ukikipata mtumie, hajawahi kukiona. Na mama yake anasemaje, au naye umemtisha na habari za vichwa? Mguu wako wenyewe ule wa kulia umepona, au bado unauchechemea ukipanda ngazi? Nyumba ya Chumbageni mmeshaezeka? Na Athumani amekulipa?

Nakwenda kazini, saa imefika. Kiatu nimekirudisha mlangoni kando ya mwenzake, bado kina maji kidogo ndani.

Wasalaam,
Sahibu yako Rashidi