Upande Wangu wa Kanga

Leeds, Uingereza
Jumapili, 4 Mei 2025

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, napenda kukujulisha kuwa sisi huku tu wazima, shemeji yako anakusalimu, na mwanao, ambaye sasa mimba yake imetimiza miezi saba, anakuamkia na kusema kuwa miguu imemvimba hata viatu vyote vimemkataa isipokuwa ndara. Natumaini nawe na wote waliomo nyumbani hamjambo, na kwamba masika ya mwaka huu yamekunyesheeni bila ya kuwaharibia kitu. Barua hii ina ombi ndani yake, lakini nimeona nikusimulie kwanza mambo ya nyumbani, kwa sababu ombi lenyewe limezaliwa humohumo, baina ya bustani, paka na cherehani, na ukilisoma peke yake utadhani baridi imenipanda kichwani.

Majira ya kuchipua huku huingia wakati uleule masika yanapoingia Tanga, ila hayana radi wala harufu ya udongo uliolowa; siku moja unaona maua ya njano ya dafodili yamejipanga kando ya barabara, na wiki mbili baadaye mti ambao tangu Novemba ulikuwa kama ufagio uliosimamishwa umejaa maua meupe. Mwaka huu Idi ilituangukia siku ileile nchi nzima ilipopeleka saa zake mbele kwa saa moja kwa ajili ya majira ya joto, Jumapili ya tarehe 30 Machi, kwa sisi tuliofuata mwandamo wa Saudia, na nikajikuta nakaanga maandazi nikiwa nimepunjwa saa nzima ya usingizi. Mpaka leo, baada ya miaka ishirini na miwili, sijaizoea hesabu ya saa ya nchi hii. Sasa hivi jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja u nusu alfajiri na kuzama mnamo saa tatu kasorobo usiku. Nieleze, shoga, utaiitaje saa mbili usiku wakati watoto wanacheza mpira nje na nguo zinaendelea kukauka kambani? Nikizungumza na dada yangu kwa simu huwa nasema tu "saa mbili," kisha nanyamaza.

Kishamba chetu tunakikodi kwa halmashauri, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Vishamba vya namna hii viko kila mji, kwani sheria ya mwaka 1908 inazilazimu halmashauri kuwapatia wananchi ardhi ya kulima chakula chao, na mpaka leo hupimwa kwa kipimo cha kale kiitwacho rodi: kishamba kamili ni rodi 10, sawa na mita za mraba 250 hivi. Sisi tumepata nusu, tena baada ya kungoja zamu kwa miaka minne. Viazi nilivichipuza tangu Februari ndani ya trei za mayai dirishani, nikavipanda katikati ya Aprili, na sasa majani yameanza kutokeza, kwa hiyo kazi ya jioni ni kuyafukia kwa udongo ili baridi ya usiku isiyaunguze.

Kilichonitia aibu ni mchicha. Jirani yetu wa kishamba cha pili ni mzee wa Jamaika ambaye siku moja alinionyesha mboga anayoiita kalalu, nikacheka mpaka nikakaa chini, maana ulikuwa mchicha wetu, umevuka bahari na kubadilishwa jina. Yeye ndiye aliyenipa mbegu, nikazisia ndani ya nyumba mwezi wa Aprili. Alhamisi iliyopita, Mei mosi, joto lilifika nyuzi 29.3 kule Kew, London, na redio ikatangaza kuwa tangu kumbukumbu zianze kuwekwa haijapata kuwepo Mei mosi yenye joto kama hilo. Huku kaskazini hatukufika kiasi hicho, lakini tamaa ilinishika, nikaitoa miche yote nje. Mzee aliitazama, akanitazama mimi, akasema kuwa Mei ya huku haiaminiki hata siku moja. Nilimjibu kwa heshima kuwa nitaangalia. Jana upepo umegeuka ukaja kutoka kaskazini, na leo asubuhi nusu ya miche imelala kama watu walioshindwa kesi. Mingine makoa wamekwisha kuimaliza, nao makoa wa huku ni wanene kama kidole cha gumba na hawana haya.

Uani kwetu adui si koa, ni Kunguru. Huyu nadhani sijakueleza habari zake. Ni paka dume mweusi mwenye kola ya kijivu shingoni, ndiyo maana tukamwita hivyo, aliyejileta mwenyewe usiku wa Desemba na kukataa kuondoka. Tangu tarehe 10 Juni 2024 sheria ya Uingereza inataka kila paka mwenye mwenyewe atiwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya kutimiza wiki 20, na asiyetii huweza kutozwa faini ya hadi pauni 500, basi tukampeleka kwa daktari wa wanyama apimwe kama ana chipu, akaonekana hana, tangazo likabandikwa mtaani, hakuna aliyejitokeza, akawa wetu kwa karatasi. Sasa kila nikilainisha tuta na kupanda mbegu za karoti, yeye huamini nimemtengenezea choo. Nimetandika wavu wa kuku juu ya udongo, mche unapenya katikati ya matundu na yeye hawezi kuchimba, na kwa hilo hajanisamehe: huketi juu ya ukuta akinipa mgongo. Binzari, yule jike wa rangi ya manjano unayemfahamu kwa picha, yeye hatoki nje kabisa. Yeye ni wa ndani, na visa vyake ni vya ndani.

Mwezi wa Machi nilikuwa nafuma koti la mtoto kwa uzi mwembamba wa sufu, rangi ya maziwa. Nilikwenda kuzima jiko tu. Niliporudi, sindano zilikuwa sakafuni, safu nzima ya vitanzi imefumuka, na Binzari amekaa wima katikati ya zulia, ncha ya uzi inaning'inia pembeni mwa mdomo wake kama tambi, naye anameza, anatulia, anameza tena. Mkono wangu ulikwisha kuushika uzi nimvute. Shemeji yako akanizuia, akapiga simu kwa daktari, na daktari akasema, "Usiuvute, mlete hivyohivyo," kwa sababu uzi hunasa chini ya ulimi au huwa umeshateremka tumboni, na ukiuvuta huweza kumkata utumbo. Tulikwenda naye ndani ya kikapu, amenyamaza, macho makubwa. Bahati ulikuwa haujashuka, wakamlaza kwa sindano wakautoa wote, na gharama yake nitakuficha kwa sababu nakujua, utazidisha kwa shilingi kisha utanipigia simu kunigombeza. Tangu siku hiyo uzi na sindano hulala ndani ya debe la biskuti lenye mfuniko. Marehemu mama alikuwa akitukumbusha kuwa paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani, na kwamba Abu Huraira alipata jina lake kwa ajili ya paka. Sijui angesemaje kuhusu paka anayekula sufu.

Koti nililifumua na kulianza upya, na kofia ndogo nikaimaliza mapema, ya mistari, na kishada juu. Ndipo mkunga alipomweleza mwanao kuwa mtoto mchanga havalishwi kofia ndani ya nyumba, maana kichwani ndipo anapopunguza joto, na hatandikiwi wala hafunikwi mfarishi usingizini mpaka atimize mwaka. Nilikuwa nimekaa pale na mfarishi ninaomshonea mapajani, shoga. Nilimwuliza kwa upole, basi mfarishi utafanya kazi gani? Akasema utatandikwa sakafuni mtoto achezee juu yake mchana, watu wazima wakimtazama. Nimelikubali hilo, kwa kuwa wanayo sababu yao na ni ya haki, lakini nimeshona kwa uchungu siku mbili.

Sasa nimefika kwenye mfarishi wenyewe. Utakumbuka kuwa mama aliniachia doti saba za kanga ndani ya sanduku. Kwa miaka tisa nilikuwa nazitoa kila mwaka, nazianika uani zipate jua, nazikunja, nazirudisha. Mwaka huu nilipozitoa niliona zile mbili za chini zimeanza kuachia kwenye mikunjo, nikajua kuwa hifadhi hii ni njia nyingine ya kuziua. Hapa maktaba ya mtaa kuna wanawake hukutana kila Jumatano kushona mifarishi, nami nimekuwa nikienda tangu baridi ilipoanza, na ndio walionifundisha kazi hii inavyokwenda: tabaka la juu la vipande vilivyounganishwa, katikati pamba nyembamba, chini kitambaa kizima, yote matatu hupigwa bandi kwanza yasiteleze, kisha hushonwa kwa mishono midogo inayotoboa mpaka chini. Nilipoanza, vidole vyangu vilikuwa vinaijua kazi kuliko mimi, nikakumbuka baraza ya kwenu, marehemu mama yako akishona kofia za viua, tabaka mbili za nguo na sindano inayopanda na kushuka bila yeye kuitazama. Nimenunua kastabini mbili, moja imekwisha kupotea, na mshukiwa ni mmoja tu.

Kanga kuukuu ni ngumu kushona kuliko unavyofikiri. Imelainika mpaka imekuwa kama ganda la kitunguu, ukiikata inachanguka nyuzi, kwa hiyo kila kipande nakipigia pasi kikiwa na kitambaa chepesi mgongoni, na ninaacha robo inchi ya mshono. Kitenge sikukichanganya humo, maana ni kizito, kinaivuta kanga. Kanga mpya niliyonunua kwa ajili ya upande wa chini ilinitolea maji mekundu mara tatu kabla ya kutulia. Mapindo nimeyakata marefu, ndiyo yatakayozunguka ukingo. Katikati ni vipande vya mji, miraba ya inchi tano tano, nyekundu ikifuatana na nyeusi, korosho zikiangaliana. Majina sikuyakata. Kila jina nimelitoa zima kama utepe na kuliweka baina ya safu, isipokuwa "Hasidi hana sababu," ambalo niliona si maneno ya kumlaza mtoto juu yake. Wale wanawake wa Jumatano waliniuliza maana yake, nikawafasiria, wakanyamaza kidogo, kisha mmoja wao, bibi wa miaka themanini na kitu, akaniomba utepe huo akautundike jikoni kwake mahali ambapo mkwewe ataona. Nimempa.

Sasa ombi. Katika sanduku hilo, chini ya doti za mama, umo upande mmoja usio na mwenzake. Unaukumbuka. Mwaka 1989, tulipomaliza kidato cha nne, tulichangishana fedha tukanunua doti moja pale Ngamiani, tukaikata katikati kwa mkasi wa muuzaji, wewe upande wako na mimi wangu, "Usisafirie nyota ya mwenzio," na tukacheka njia nzima kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na safari. Wangu ni ule wa kingo za buluu, una doa la chai pembeni. Rangi yake ndiyo inayohitajika katikati ya mfarishi. Nimejaribu nyingine tatu, zote zimekataa. Nimeutandika pale mara nne, nikashika mkasi, nikauweka chini.

Nimewaza hivi: doti ni pande mbili zenye jina lilelile. Ikiwa upande wako bado upo, basi maneno yetu yatabaki mazima hapo Tanga, na mimi nitakata wangu kwa moyo mweupe, mjukuu wetu ajifunze kutambaa juu yake. Ikiwa haupo, umechakaa, au uliufanya mbeleko au ulimpa mtu, sitaukata, maana utakuwa ndio uliosalia. Sikuulizi kwa kukulaumu. Miaka thelathini na sita ni mingi kwa kanga. Niambie tu upo au haupo. Barua ya kujibu itachelewa, kwa hiyo mtume mmoja wa watoto anipigie, au unirekodie sauti, saa yoyote, hata hiyo saa mbili isiyojulikana ni ya nini.

Nimeacha mraba mmoja wazi katikati. Usiharakishe sana, kwa sababu tangu saa nane mchana Binzari amelala juu ya vipande vyote, tumbo juu, na shemeji yako amekataza asiamshwe.

Wasalaam,

Shoga yako