Sarafu za kale za Kilwa zisajiliwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sarafu za kale zinazookotwa Kilwa. Sarafu ya shaba ya al-Hassan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa ya kale, haina mwaka. Ina jina lake na maneno ya kumtukuza Mungu yenye vina na jina hilo. Mahali ilipookotwa ndipo penye habari kubwa. Moja ilipatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale huko Zimbabwe, mbali kabisa na bahari! Ikiuzwa kwa mgeni, au ikasuguliwa kwa ndimu na mchanga hadi herufi zikafutika, habari hiyo imepotea.

Uingereza, tangu 1997, wapo maofisa wanaopokea hata sarafu za Kirumi kutoka kwa raia, wakazipiga picha, wakazipima na kuandika zilipotoka. Idara ya Mambo ya Kale ifungue daftari la namna hiyo Kilwa Masoko, na wavuvi wanaoziokota wahakikishiwe kuwa anayeleta hatasumbuliwa.

Msomaji wako,
Lindi