Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza kuhusu Lugha ya Kitongwe

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUREJESHA MAANDISHI YA KITONGWE NA KUYAENDELEZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Novemba mwaka 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe jike aliyeonekana mgonjwa alishuhudiwa akimenya machipukizi ya mjonso, mti mchungu wa dawa, akayatafuna, akafyonza maji yake machungu na kutema makapi. Mtafiti Michael Huffman alikuwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, naye ndiye aliyeeleza kwamba mti huo hutumiwa na Watongwe kutibu maradhi ya tumbo. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989 ikiwa na majina ya wote wawili, na hadi leo hutajwa kila panapojadiliwa namna wanyama wanavyojitibu. Bila ujuzi uliohifadhiwa katika Kitongwe, sokwe yule angeandikwa kuwa alikula majani tu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha thamani ya lugha hii wilayani kwako, na pia inaonyesha maandishi yake yalikokwenda. Mwaka 1981 watafiti wa Kijapani Toshisada Nishida na Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, na mwaka 2006 ukatoka Tokyo msamiati wa Kibende, lugha ndugu, ulioandaliwa na Yuko Abe. Hizo ni kazi za heshima, na sina neno baya juu ya waliozifanya. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wanazuoni, wakati wajukuu wa wazee waliotoa majina hayo wanasoma katika shule za Buhingu na Kalya bila kujua kwamba orodha hizo zipo.

Nao wajukuu hao wanazidi kuipoteza lugha yenyewe. Watongwe walizoea kuishi katika vijiji vidogo vilivyotawanyika milimani na katika miombo. Miaka ya 1970 walikusanywa katika vijiji vikubwa, na mwaka 1985 Mahale ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwambaoni mwa ziwa tunaishi pamoja na Waha, Wabembe na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sote, jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayelilalamikia. Hata hivyo, mtoto asiyefika msituni na babu yake hana mahali pa kujifunzia jina la mti, kwa kuwa majina ya namna hiyo hayafundishwi jikoni wala sokoni.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za asili zitafitiwe, zihifadhiwe na ziandikiwe kamusi na vitabu vya sarufi. Kwa hiyo siombi jambo geni, na wanaohofia kwamba kuandika lugha ya kabila ni kuchochea ukabila wanapaswa kuisoma sera hiyo kabla ya kutuonya.

Ninaloomba ni kwamba ofisi yako iwaandikie Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, ili nakala za kazi zote zilizogusa Kitongwe na Kibende zipatikane na ziwekwe katika shule za sekondari za mwambao. Baada ya hapo Afisa Utamaduni, akishirikiana na walimu, awakutanishe wanafunzi na wazee ili waipitie orodha ya mwaka 1981 jina kwa jina, wasahihishe palipokosewa, waongeze yaliyoachwa, na kila jina lirekodiwe kwa sauti ya mzee mwenyewe, maana Kitongwe kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambazo herufi tupu hazizionyeshi. Simu ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo. Gharama kubwa itakuwa mafuta ya boti.

Jambo moja linahitaji uangalifu kuliko mengine yote. Jina la mti ni mali ya watu wote, lakini namna ya kuuchanganya, kipimo chake na ugonjwa unaotibiwa ni urithi wa koo na waganga fulani. Ikiwa kazi hii itafanywa kwa pupa, wazee watanyamaza, nao watakuwa na haki. Mratibu wa tiba asili wa Halmashauri, anayefanya kazi chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ashirikishwe tangu mwanzo, na yarekodiwe yale tu ambayo mzee ameridhia kwa hiari yake, baada ya kuelezwa rekodi itawekwa wapi na nani ataisikiliza.

Naomba suala hili lifikishwe mbele ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji katika kikao chake kijacho, na sisi wakazi tuko tayari kuwatafuta wazee na kuwapokea maofisa wako vijijini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kata ya Buhingu

Nakala: Afisa Utamaduni wa Wilaya