Kijana wetu hesabu anaziweza, kumpinga kapteni ndiko kunakomshinda

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mtwara. Tunaoandika ni wawili: mjomba wa kijana, mwalimu wa fizikia na hisabati, na mwenzake aliyestaafu kazi ya kuongoza ndege kwa redio kutoka ardhini. Kijana ni wa Newala, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na shirika moja la ndege limemwita Dar es Salaam mwezi ujao kwenye usaili wa marubani kadeti, yaani marubani wanafunzi. Tunaomba ushauri wa marubani na wote waliowahi kukaa kwenye jopo la usaili wa namna hii. Ili tusije tukashauriwa mambo ambayo tayari anayo, tueleze kwanza alipofikia.

Hesabu za kichwani zinakwenda vizuri. Tumempa safari ambayo ramani yake anaijua: kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, kwa mstari ulionyooka, ni kama maili za baharini 215. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 ikienda noti 270, yaani maili za baharini 270 kwa saa, anagawa kwa 60, anapata maili 4.5 kwa dakika, safari inakuwa dakika 48. Ukimwekea upepo wa mbele wa noti 20, kasi juu ya ardhi inakuwa 250 na muda unafika karibu dakika 52. Mwambie ndege inakula kilo 800 za mafuta kwa saa, atakwambia upepo huo umemgharimu kilo 50 na ushei. Upepo wa ubavuni nao hamsumbui. Njia yetu ya kurukia ni 01/19, namba hizo zikiwa nyuzi za dira kwa makumi, kwa hiyo anayetua kwa 19 anaelekea nyuzi 190 hivi. Kusi likivuma kutoka nyuzi 160 kwa noti 20, tofauti ni nyuzi 30: nusu ya upepo, noti 10, inampiga ubavuni, na noti 17 zinamjia usoni.

Kuna swali moja la hesabu tunalilea sana kwa sababu ndilo linaloonyesha nani anaelewa na nani amekariri. Vijana wengi wanaojiandaa hukariri kanuni mbili za kushuka. Ya kwanza inasema kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili 3. Ya pili inasema zidisha kasi juu ya ardhi kwa 5 upate futi za kushuka kwa dakika. Sasa mpe futi 18,000 za kushuka kwa noti 240. Kanuni ya kwanza inampa maili 54. Ya pili inampa futi 1,200 kwa dakika, yaani dakika 15, na kwa maili 4 kila dakika hizo ni maili 60. Maili 6 zimetoka wapi? Aliyekariri anaanza kutafuta alipokosea, anapoteza dakika nzima na uso unabadilika. Anayeelewa anajua kwamba zote mbili zinakadiria mteremko wa nyuzi 3, ambao kwa hakika ni kama futi 318 kwa kila maili. Kanuni moja imekadiria 333, nyingine 300, na jibu la kweli, maili 56 na nusu hivi, liko katikati. Kijana wetu alilipata hilo mwenyewe kwenye karatasi, bila kuambiwa. Ndiyo maana hatuna wasiwasi naye upande huo, wala kwenye maswali ya bawa: kwa nini ndege iliyolala nyuzi 60 ikijipinda bila kushuka inahitaji kani ya kuinua mara mbili, na kwa nini kasi ambayo bawa linaacha kubeba inapanda kwa mara 1.4.

Majaribio ya mkono kwenye kompyuta tumeyafanyia kazi kwa FlightGear, programu ya bure ya kuigiza kurusha ndege, na usukani wa mezani uliotumika. Makosa yalikuwa yaleyale ya kila anayeanza: kukaba usukani kama mpini wa jembe, na kukazia macho saa ya kimo hadi mwelekeo unamponyoka. Tulimrekebisha kwa kumfundisha kurudisha jicho kwenye saa ya mlalo wa ndege kila baada ya kutazama saa nyingine yoyote, na kumzoesha kushika kwa vidole viwili, asogeze kidogo, asubiri ndege ijibu ndipo asogeze tena. Baada ya hapo tukaongeza sauti inayomsomea tarakimu za kujumlisha huku akirusha. Bado anayumba tarakimu zikizidi sita, ila jaribio lenyewe limetengenezwa ili kila mtu ayumbe mahali fulani; wanaopima wanataka kuona anaachia kipi kwanza. Akiachia hesabu akashika ndege, sawa.

Shida yetu ni usaili wa ana kwa ana, na hasa swali ambalo kila jopo linaliuliza kwa sura moja au nyingine: utafanya nini kapteni wako akikosea?

Kijana huyu amelelewa kwetu. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na mtoto mwenye adabu hamkatizi mkubwa wala hamkazii macho. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba atamtii kapteni kwa kuwa ana uzoefu zaidi. Tukamsomesha ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ambapo Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, katika ukungu, na watu 583 wakafa. Ndani ya ndege iliyokuwa inaanza kuruka, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Kapteni, mtu wa kuheshimika sana kwenye shirika lake, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na mhandisi hakuendelea. Kijana alielewa. Kuelewa siyo tatizo.

Tukamweka kwenye zoezi. Hali ya hewa nzuri, ndege iko futi 500 ikitua, kasi imezidi iliyopangwa kwa noti 30, inashuka futi 1,300 kwa dakika. Mashirika mengi yanataka ndege ambayo haijatulia kwenye futi 500 namna hiyo ipae upya, bila mjadala. Kapteni, yaani mjomba, anasema: "Tunaendelea." Kijana akasema, "Samahani kapteni, naona kama kasi kidogo…" akanyamaza, akatazama meza. Kwa mwendo ule ardhi iko sekunde 23 mbele, na samahani yake imeshakula sehemu ya sekunde hizo.

Tukampa ngazi nne ambazo marubani hufundishwa. Kwanza uliza: "Kapteni, umeona kasi?" Pili tahadharisha: "Kasi imezidi noti 30, hatujatulia." Tatu pinga na utaje la kufanya: "Kapteni, tupae upya sasa." Nne, hajibu au hataki, basi wewe unachukua hatua kwa kufuata kanuni za shirika. Kwenye futi 500 ngazi ya kwanza unairuka, muda haupo. Hapo kijana akageuka upande wa pili kabisa. Kila hali tunayompa, hata kapteni akisahau tu kuwasha taa, anajibu kwamba atachukua usukani. Jopo likisikia hivyo litaandika kwamba huyu ni hatari kuliko yule mnyamavu, na litakuwa na haki.

Hapa ndipo sisi wawili tunapotofautiana. Mwenzangu, yule mwongoza ndege, anataka kijana awe na sentensi zilizopangwa, fupi, kwa Kiingereza, azitamke hadi ulimi uzoee, kwa sababu hata redioni watu hutumia maneno yaliyopangwa na hakuna anayewalaumu kwa kukariri. Mimi mjomba naona jopo litakata sentensi hiyo katikati kwa swali la nyongeza, mfano "Na kapteni akikasirika?" au "Na kama wewe ndiye uliyekosea?", na hapo aliyekariri atabaki na mdomo wazi. Kiingereza chenyewe kinaongeza uzito. Kiwango cha nne cha lugha kinachotakiwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, anakifikia, kwa makadirio yetu, lakini anafikiri kwa Kiswahili kisha anatafsiri, na adabu inaingia kwenye tafsiri: kila sentensi inaanza na kuomba radhi. Kwenye maswali ya fizikia haombi radhi hata mara moja.

Tunashuku pia kwamba tatizo ni sisi tunaoigiza kapteni. Mjomba hawezi kupingwa na mpwa wake kwenye mchezo, akaacha kuwa mjomba. Tumefikiria kumtafutia mtu asiyemjua, pengine mwanamke wa umri wa kati, au kijana mwenzake aliyevaa uafisa. Je, wenye uzoefu mnaona mabadiliko hayo yanasaidia, au aanze na mambo madogo ya kila siku, kama kumwambia dereva wa bodaboda apunguze mwendo, kabla ya kurudi mezani?

Lingine linalotutatiza ni ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege aina ya ATR 42-500 iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Mtanzania anayetaka urubani asitegemee kwamba hataulizwa. Tumemwambia asimlaumu mtu, asitaje ya mitandaoni, aeleze hali ya hewa, uamuzi wa kuendelea au kuondoka, na wavuvi waliofika kwanza kuokoa, kisha asimame. Je, huo ni usalama au ni kukwepa? Mwanajopo mmoja akitaka maoni yake binafsi, aende mbali kiasi gani?

Kuna la afya pia. Bila miwani jicho lake la kushoto linasoma 6/12. Akivaa miwani macho yote yanasoma 6/6. Kwa kiwango cha ICAO cha cheti cha daraja la kwanza, 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa yote mawili, na miwani inaruhusiwa, kwa hiyo anapita, ilmradi awe na miwani ya akiba. Rangi anazisoma zote kwenye kitabu cha Ishihara. Lakini shirika linaweza kuwa na masharti yake makali kuliko ya cheti. Ukoo umetenga fedha ya korosho kwa ajili ya vipimo hivi, na mnada wa msimu ujao bado. Tulipie vipimo kamili kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa kabla ya usaili, au tusubiri ajulikane kama amepita? Akivaa miwani siku ya usaili ni sawa, au kuna anayeonekana kuihukumu mapema? Sisi tunaona avae, maana kuficha kitu kwenye kazi hii ni kosa kubwa kuliko miwani, ila tungependa kusikia kutoka kwa aliyewahi kuwa ndani.

Safari tumeshaipanga. Baada ya barabara ya Lindi kukatika Somanga mvua za Mei 2024, hatumwachi asafiri siku moja kabla. Atakwenda siku tatu mapema, alale Temeke kwa shangazi yake, apajue mahali pa usaili na muda wa daladala asubuhi.

Kwa hiyo tunaomba majibu hasa kwa lile la kapteni. Msituandikie tu kwamba awe na ujasiri. Ujasiri wa kukokotoa mbele ya watu anao. Tunataka maneno yenyewe: rubani msaidizi mwenye saa chache anamwambiaje kapteni mzee kwamba kasi si sahihi, kwa Kiingereza gani, kwa sauti gani, na anaangalia wapi anapoyasema, kapteni au saa ya kasi? Na jopo likimuuliza kama amewahi kumpinga mkubwa, naye mfano wake pekee ni siku alipomwambia mweka hazina wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwamba uzito wa korosho za baba yake umeandikwa pungufu kilo 10 kwenye stakabadhi, mfano huo unafaa, au atafute mwingine?

Mjomba na mwenzake,
Chikongola, Mtwara