Babu, ishushe ngoma ya Bibi

Savannah, Georgia, Marekani
4 Januari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo, na wote hapo nyumbani, mbukwenyi. Mimi ni mzima. Baridi ipo, ila mji huu uko kusini karibu na bahari, kwa hiyo haitutesi kama inavyowatesa wenzetu wa kaskazini. Kazi ya kuwatunza wazee naendelea nayo. Juzi simu ilikatika kabla sijakuambia nililotaka kukuambia, na baadaye nikaona ni afadhali niandike, kwa kuwa neno lenyewe si la haraka. Mwambie binti wa shangazi akusomee polepole, na Bibi awe amekaa karibu.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, mama mmoja ninayefanya naye kazi alinipakia kwenye gari lake tukaenda kusini, mwendo wa kama saa moja, hadi kijiji kiitwacho Bolden katika wilaya ya McIntosh. Watu wa huko ni weusi, vitukuu vya waliolimishwa mpunga na pamba utumwani. Wanaitwa Wagullah-Geechee. Mkesha huu kwao una uzito wake: usiku wa tarehe 31 Desemba 1862 wazee wao walikaa macho wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lililotoka kesho yake. Tulianza na ibada ya Kibaptisti ya kawaida kabisa, nyimbo, sala na mahubiri. Saa sita ilipopita, viti vikasogezwa ukutani.

Mzee mmoja akaketi na mpini wa fagio, akaanza kugonga nao sakafu ya mbao. Mwimbishaji akaanzisha, wenzake nyuma yake wakaitikia na kupiga makofi, makofi ya aina mbili tatu yaliyopishana. Kina mama waliovaa vilemba na magauni marefu wakaingia kati, wakaanza kuzunguka, mduara ukielekea kinyume cha mwendo wa saa. Miguu haikuinuka, iliburuzwa. Mguu mmoja haukuvuka mbele ya mwingine hata mara moja. Nilipomuuliza mwenyeji wangu sababu, alinijibu kwamba ukivusha mguu juu ya mguu umeshacheza dansi, na dansi ni dhambi; hii ni ibada. Wao wanaiita shauti.

Babu, niliegemea ukuta nikalia. Walikuwa wanainama kidogo kutoka kiunoni, na mabega yao yanatetemeka, lakini kichwa kimetulia kama kimebeba mtungi. Niliyajua yale mabega. Ni ya Bibi, siku ile alipokuwa peke yake kisimani akipiga debe tupu kwa viganja, asijue kwamba nimemfuata.

Nadhani hujui kwamba niliwahi kuiona ngoma yake. Nilikuwa na miaka tisa, nimepanda darini kutafuta mayai, nikakuta kitu kimefungwa kwenye gunia: ngoma nyembamba katikati, kama zile ambazo kina mama wetu wa Kigogo hubana mapajani wakipiga muheme, ngoma ya unyagoni. Bibi alipoiona mikononi mwangu hakugomba. Aliniambia tu niirudishe, kwamba ile ni ya kabla hajabatizwa. Shangazi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba aliyeomba ifungwe ni wewe, mwaka ulipoanza ukatekista, kwa sababu mlifundishwa kwamba ngoma huita mapepo. Sikulaumu, Babu. Ulitii kwa moyo safi, na nyumba yako yote imemjua Mungu kwa ajili yako. Ila yale niliyojifunza huku yamenifanya nisiweze kunyamaza.

Kwa nini wale wa Bolden wanatumia mpini wa fagio? Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina, jimbo linalopakana na hili nilipo, waliasi karibu na mto Stono, wakaandamana wakipiga ngoma na kuwaita wenzao wajiunge. Uasi ulizimwa kwa damu nyingi. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwakataza watumwa kupiga ngoma na baragumu. Hawakunyang'anywa kwa sababu ya mapepo. Mabwana waliogopa kwamba ngoma inasema, na kwamba wanaoisikia wataitika. Kwa hiyo mlio ukahamia kwenye nyayo, viganja na ubao wa sakafu, na umekaa humo mpaka leo.

Sisemi hawa ni ndugu zetu Wagogo. Wazee wao walitoka upande wa magharibi, Senegambia, Sierra Leone, na wengi sana Kongo na Angola. Lakini Wakongo nao wanaiita ngoma kwa jina hilohilo letu, ngoma. Na kwao mduara ni safari ya jua: linachomoza, linapanda, linazama kwenye maji ya wafu, linarudi. Wapo watafiti wanaosema mzunguko wa shauti umetoka huko. Lorenzo Dow Turner, msomi mweusi aliyewasikiliza Wagullah kwa miaka mingi na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuhusu maneno yao ya Kiafrika, alidhani jina lenyewe ni la Kiarabu, shaut, yaani mzunguko mmoja wa tawafu kwenye Kaaba. Si wote wanaokubali. Lakini ng'ambo ya maji kidogo tu kutoka Bolden, kisiwani Sapelo, alikuwapo mtumwa Mwislamu, Bilali Muhammad, aliyeacha maandishi ya Kiarabu ya mkono wake mwenyewe, kwa hiyo mimi wazo hilo silitupi.

Wapo pia wasomi waliosema Afrika yote ilifutika ndani ya merikebu za watumwa, kwamba ibada hii ni ya Kizungu iliyochangamshwa. E. Franklin Frazier, naye mweusi, alibishana sana juu ya hilo na Melville Herskovits, aliyeshikilia kwamba Afrika haikufutika. Nimesoma hoja zao. Kisha nakumbuka yale mabega, na Frazier hanishawishi.

Sasa sikiliza habari ya mtu aliyenikumbusha wewe. Alikuwa askofu wa kanisa la Wamethodisti weusi, Daniel Payne, mzaliwa wa Charleston, msomi, aliyeongoza chuo kikuu cha watu weusi cha Wilberforce. Mwaka 1878 alifika kwenye mkutano wa ibada porini, akakuta waumini wamefanya duara wanapiga makofi na kukanyaga chini. Akamwambia mchungaji wao awakomeshe. Duara likasimama, makofi yakakoma, lakini miili iliendelea kuyumba na wimbo haukukatika. Kiongozi wao alimweleza kwamba bila duara wenye dhambi hawaokoki. Payne hakukubali hadi mwisho, maana aliwapenda watu wake na aliona aibu wakichekwa na Wazungu. Nikisoma habari zake nakuona wewe na kanzu yako nyeupe, umesimama mlangoni mwa kanisa ili pasiwe na mtu wa kutudharau.

Na wale walokole wa senta, unaosema wamekuja na makelele ya kigeni? Hapa Savannah nimesali na Wapentekoste weusi. Kinanda kinakimbia, mtu anashukiwa na Roho, anaruka, anaanguka. Mara moja wahudumu wa kike waliovaa meupe wanamzunguka kwa mikono asiumie, wanampepea, wanamfunika miguu kwa kitambaa, vilevile kina mama wa kwetu wanavyofunikana kanga. Katika dini za kale za Afrika Magharibi kila roho anayeshuka alikuwa na jina lake, wimbo wake na mlio wake wa ngoma. Hapa anaitwa mmoja tu, na jina analoitwa ni Yesu. Mwili ndio unaompokea kwa namna uliyorithi.

Uamsho huo wa Kipentekoste uliosambaa duniani ulichipukia pia Los Angeles, mtaa wa Azusa namba 312, Aprili 1906, katika jengo chakavu. Mhubiri wake alikuwa William Seymour, mtoto wa watumwa walioachwa huru, kutoka Louisiana. Miezi michache kabla, huko Houston, aliyekuwa akimfundisha alimweka nje ya darasa, naye Seymour akasikiliza kupitia mlango ulioachwa wazi, kwa sababu weusi hawakuruhusiwa kuketi na weupe. Kwa hiyo Babu, hata hayo makelele ya senta si ya kigeni kama tulivyodhani. Kipo ndani yake kitu kilichotoka Afrika kikiwa kimefungwa minyororo, na kimerudi.

Unajua Maandiko kuniliko. Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na Mikali binti Sauli akamdharau kutoka dirishani. Ulitusomea wewe, mimi nikiwa nimeshika taa. Muheme ya unyagoni siiombi irudi kanisani na mambo yake yote. Naomba ngoma tu.

Bibi anatimiza miaka themanini mwaka huu, na vidole vyake bado vinapiga meza tukiimba kwa simu, nimesikia. Naomba mjukuu mmoja apande darini aishushe ile ngoma, na aliyeifunga ndiye aifungue. Ngozi nadhani imeshaliwa na wadudu. Nimemtumia baba mdogo hela ya kuwambisha ngozi mpya, na ndani yake kuna hela ya dawa za presha, zisichanganywe. Jumapili ya Pasaka nitapiga simu baada ya ibada, saa saba mchana ya kwenu. Muweke simu karibu na mahali Bibi atakapokaa.

Ni mimi mjukuu wako.