Salamu za sikukuu ya Watakatifu Konstantino na Helena kwa kijiji cha Bulgari

Ndugu wasomaji,

Juni 3 imewadia tena, na kwa watu wa Bulgari, kijiji chenye wakazi wapatao 100 katika milima ya Strandzha, kusini-mashariki mwa Bulgaria, hakuna siku kubwa kuliko hii katika mwaka mzima. Tunawapa mkono wa heri wanakijiji hao, pamoja na jamaa zao waliohamia mijini ambao leo wanarudi nyumbani, na wageni wote watakaopokelewa huko leo na kesho.

Msomaji Mwothodoksi anaweza kuuliza mbona Juni 3, ilhali makanisa ya Kiothodoksi ya Kenya, Uganda na Tanzania, yaliyo chini ya Patriaki wa Aleksandria, huwakumbuka Konstantino na mama yake Helena tarehe 21 Mei. Siku ni ileile, ila hesabu ni mbili: kalenda ya kale ya Kijuliasi iko nyuma ya ile ya kawaida kwa siku 13, na Kanisa la Bulgaria lilipoiacha mwaka 1968, Bulgari ilibaki na hesabu ya wazee wake.

Wengi wanaolisikia jina la kijiji hiki wanakijua kwa jambo moja tu, nalo ni nestinarstvo, ibada ya kucheza juu ya makaa ya moto. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza ibada hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na tangu hapo maelfu ya watu hufika kijijini siku hii. Bahati mbaya wengi wao huingia jioni, wakatazama moto, wakaondoka, wasijue kwamba moto ndio mwisho wa sikukuu na kwamba mchana kutwa kijiji kilikuwa kwenye shughuli nyingine.

Shughuli huanza asubuhi kwa ibada, kisha kwenye konak, nyumba ndogo ya sala inayohifadhi ikoni, yaani picha takatifu, za watakatifu hao na ngoma takatifu. Ikoni hizi zina mpini kwa chini ili zishikike mkononi, nazo huvishwa kitambaa chekundu kama mtu anavyovishwa nguo ya sikukuu. Ngoma hutangulia, zumari la kiriba liitwalo gaida hufuata, na msafara hutoka kijijini kwenda kwenye chemchemi takatifu. Hapo kila aliyefika, awe mwenyeji au mpita njia, hupewa maji na mshumaa kwa ajili ya afya yake. Kuna pia kurban, mnyama wa sadaka, ambaye nyama yake hupikwa na kuliwa kwa pamoja. Yote hayo hufanywa kuombea kijiji uzima na rutuba, maana Juni ni mwezi ambao mazao yangali shambani na mkulima hana la kufanya ila kusubiri na kuomba.

Jioni ndipo kuni zilizowaka zinapobaki makaa, yakatandazwa katika duara. Watu huzunguka kimya, ngoma ikilia. Wanestinari, yaani wacheza moto, hawajitokezi kwa kujipendea. Imani ya kijiji inasema kwamba mtakatifu ndiye humshika mtu, na aliyeshikwa huingia motoni miguu mitupu, ikoni mkononi, na kupitia kwake watakatifu huonyesha matakwa yao. Inafaa kukumbuka kwamba Strandzha ni nchi ya misitu ya mialoni na ya wachoma mkaa, na kwamba watu wake wameyazoea makaa vizazi na vizazi. Hata hivyo mazoea hayo hayatoshi kueleza jambo hili, na wenyewe hawajawahi kudai kuwa yanatosha.

Zamani vijiji kama 30 vya eneo hili, vya Wabulgaria na vya Wagiriki, vilikuwa na ibada hii. Vita vya Balkani vya mwaka 1912 hadi 1913 vilivuruga kila kitu: mipaka ilihama, na Wagiriki wa Kosti, kijiji jirani, wakaishia kaskazini mwa Ugiriki, katika sehemu kama Agia Eleni na Langadas, wakiwa wamebeba ikoni zao. Huko ibada inaitwa Anastenaria nayo hufanyika Mei 21. Upande wa Bulgaria, Bulgari peke yake ndiyo iliyobaki nayo. Miaka ya karibuni Wagiriki wengi wamekuwa wakija kushiriki, na kwa maoni yetu hilo ni jambo la furaha kubwa zaidi ya cheti chochote cha urithi, kwa sababu wanaokutana chemchemini ni wajukuu wa watu waliokuwa majirani.

Si kwamba njia ilikuwa nyeupe. Makasisi wengi waliiona ibada hii kuwa mabaki ya upagani. Dola ya kikomunisti haikuitaka kama dini lakini iliitaka kama burudani, na hadi leo katika hoteli za pwani ya Bahari Nyeusi watalii huonyeshwa watu wakikanyaga makaa baada ya chakula cha jioni. Hatuwalaumu wanaotafuta riziki kwa njia hiyo. Ila pale hakuna chemchemi, wala kurban, wala kijiji kinachoombewa, na mcheza moto analipwa mshahara.

Basi kwa wazee wa Bulgari wanaotunza konak na ngoma yake, kwa vijana wanaorudi kushika ikoni, kwa Wagiriki walio njiani, na kwa kila aitwaye Kostadin au Elena, majina ya watakatifu hawa kwa Kibulgaria: heri ya sikukuu, afya tele na mavuno mema. Na msomaji atakayejaliwa kufika huko mwaka mwingine tunamsihi awahi asubuhi, kabla msafara haujaondoka kwenda chemchemini.